Sampo Niliyoibeba kwenye Beseni

Tangu mambo yale ya pampu, sijiamini tena mbele ya kitu chochote kinachouzwa kwa bei mbili. Hata nikienda kununua betri za tochi nasimama dukani kama mgeni wa mji. Muuza duka ananiuliza, "Mama, nikupe za mia tano au za elfu?" nami namtazama mpaka anadhani nina tatizo la masikio. Mwishowe naondoka bila betri, na nyumbani giza linanisubiri.

Sikuwa hivi, jamani. Nilifundisha hesabu shule za msingi miaka zaidi ya thelathini, kwanza Kondoa, kisha Dodoma mjini, na kazi yangu yote ilikuwa kujua lipi sahihi na lipi si sahihi. Nilikuwa na kitabu changu cha kiongozi cha mwalimu, na huko nyuma yamepangwa majibu. Jibu la mtoto likifanana na la kitabu, vema. Lisipofanana, mkasi wa wino mwekundu. Mtoto akilia, alie. Nilikuwa mkali, sikatai. Hata leo kuna wazee wazima wenye vipara, wakisikia sauti yangu sokoni wanachomekea mashati.

Nilipostaafu, wenzangu wengi walichukua kiinua mgongo wakajenga vyumba vya kupangisha wanafunzi huko Chimwaga. Mimi nikanunua kijiko. Kwa asiyekijua, kijiko ni ile mashine ya njano ya magurudumu manne, mbele ina beleshi pana la kusukumia udongo, nyuma ina mkono mrefu wa kuchimbia. Dada yangu alinipigia simu akauliza kama nimerogwa. Nikamwambia afungue macho, mji mzima unachimbwa, misingi ya nyumba, mitaro ya maji, kila mtu anahamia Dodoma na kila anayehamia anataka shimo la choo. Akakata simu. Tulikaa mwezi mzima hatusemezani.

Kilikuwa kijiko cha mtumba. Aliyeniuzia aliniapia kwa jina la mama yake kwamba kila kilichomo ndani ni cha kiwandani, hakuna kilichobadilishwa hata nati. Nilimwamini. Kwa miaka mitatu kijiko kilinitendea haki, nikamlipa opereta wangu, nikaezeka upya nyumba, na dada yangu akaanza kunisifia kwa watu.

Opereta wangu ni Mgogo wa kijiji kimoja cha Chamwino, mtu wa maneno machache. Ndiye aliyeniletea kazi ya lambo. Kijiji chao kilikuwa kimechanga kwa muda mrefu ili wachimbiwe bwawa dogo la kukinga maji ya mvua kwa ajili ya mifugo, na kamati ikatuita sisi. Siku ya kwanza tulipofika kuona eneo, mzee mmoja mrefu, mwenye ncha za masikio zilizotobolewa zamani, alikuwa amesimama pale pale palipowekwa vigingi.

"Shikamoo mzee," nikamwambia.

"Marahaba. Mbukwa, Mwalimu," akanisalimia kwa Kigogo. "Hapa mnapotaka kuchimba maji hayakai."

"Mzee, mpimaji amepima."

"Hapana, Mwalimu. Huyo mpimaji ana ng'ombe?"

Nilikuwa sijabishiwa hivyo tangu nianze kushika chaki. Nikapandwa na hasira, nikafungua mdomo nimjibu, opereta akaninong'oneza, "Ndiye baba yangu." Nikaufunga. Kamati ikabishana mpaka jua likawa kali, mwisho wakavihamisha vigingi hatua kadhaa upande wa chini, na tulipochimba tukakuta mfinyanzi mtupu, udongo wa kushika maji kama chungu. Mzee alikuja kututazama akicheka peke yake. Tangu siku hiyo tukawa watani. Nikisema leo kuna joto, yeye anasema hapana, Mwalimu, joto hulijui. Nikisema ugali wa uwele mtamu, anasema hapana, Mwalimu, umezoea sembe tu unajipendekeza. Nilimuuliza ana ng'ombe wangapi, akanikunjia uso. "Ng'ombe hawahesabiwi. Ukiwahesabu unawaaga." Nikamwambia mimi kazi yangu ni kuhesabu. Akasema basi hesabu mawe. Kwa kweli nilimpenda yule mzee.

Opereta ndiye aliyenieleza lililokuwa moyoni mwao, siku moja tukila mlenda kivulini mwa kijiko. Maji ya mifugo yalikuwa mbali, kwenda na kurudi ni siku nzima, na miguu ya baba yake ilikuwa imekwisha. Mnunuzi wa mnadani alikuwa ameshakuja mara mbili. Mzee amekataa kuuza kwa sababu ameambiwa lambo linakuja.

"Kiangazi hiki atajikokota," opereta alisema. "Kijacho hawezi, Mwalimu. Lambo lisipokinga mvua za mwaka huu, anauza wote."

"Litakinga," nikamwambia. "Mimi ndiye ninayekuambia."

Ilikuwa Agosti. Tuta la kuzuia maji lilikuwa limeanza kuinuka, na mvua kwetu huja mwishoni mwa Novemba au Desemba. Nilihesabu siku, zilitosha na nyingine zikabaki.

Septemba, mkono wa kijiko ukaanguka. Opereta aliuinua, ukapanda nusu, ukatetemeka, ukalala chini. Nikamwita fundi wangu. Huyu ni Mrangi wa Kondoa, nilimfundisha mwenyewe darasa la tano, na mpaka leo akinisalimia anavua kofia. Alikuja na pikipiki, akafungua, akachomoa pampu ya haidroliki, ile inayosukuma mafuta yanayoupa mkono nguvu. Akaipangusa kwa kitambaa.

"Imekwisha, Mwalimu. Tununue nyingine. Orijino ipo na kopi zipo, lakini bei zake ni mbingu na ardhi."

"Nitajuaje ipi ni ipi?"

"Orijino ni nzito, na maandishi yake yametulia. Ila tungeenda wote. Kesho kutwa nitakuwa nimemalizia greda ya watu."

"Mvua inasubiri kesho kutwa?" nikamuuliza.

"Hapana, Mwalimu."

Basi nikaenda peke yangu. Hapa kwetu huendi duka la spea mikono mitupu. Unabeba kile kilichokufa, unakiita sampo, unakiweka juu ya kaunta, na muuzaji anatafuta cha kufanana nacho. Niliifunga sampo yangu kwa khanga kuukuu, nikaiweka kwenye beseni la kufulia maana ilikuwa inavuja mafuta meusi, nikapanda bajaji nimeipakata. Nilikuwa na furaha hata. Nilijiambia kumbe kazi ni ileile niliyoifanya maisha yangu yote. Sampo ndiyo kiongozi cha mwalimu, imetoka kiwandani, majibu yote yako juu yake. Nitakayoonyeshwa ikifanana, vema. Isipofanana, mkasi.

Duka la kwanza lilikuwa la mtu wa makamo, mpole, amevaa miwani. Alitazama sampo, akaingia ndani, akarudi na boksi safi lenye gundi zake zote. Bei, milioni tano na nusu. Nilimwambia sijafika kwenye bei, kwanza nione. Akafungua. Pampu ilikuwa inang'aa. Nikavaa miwani yangu nami, nikaziweka mbili hizo sambamba, nikaanza kusahihisha. Herufi za kwenye sampo zimeinuka, unaweza kuzisoma kwa kidole. Za kwenye ile mpya zimechimbwa ndani.

"Hii siyo," nikasema.

"Ni yenyewe, mama. Wamebadilisha maandishi tu."

"Usinifundishe kusoma!"

Wateja wakageuka. Nikakumbuka neno la fundi, nikasema basi tuzipime. Hakuwa na mzani. Ng'ambo ya barabara alikuwepo mama anayeuza zabibu za Makutupora, mzani wake unaning'inia. Yule bwana hakutaka pampu yake itoke bila yeye, kwa hiyo tukavuka barabara wote wawili, yeye amebeba yake kifuani, mimi na beseni langu.

"He! Mama, hizo zabibu za wapi ngumu hivyo?" mama wa zabibu akauliza.

"Wewe pima," nikamwambia.

Sampo ilikuja kilo kumi na mbili na nusu. Ile ya milioni tano na nusu, kumi na moja na kidogo. Nilimtazama yule bwana jinsi nilivyokuwa nikimtazama mtoto aliyenakili kwa jirani. Maandishi hayafanani, uzito umepungua, na bado anataka milioni tano! Nilimwita mwizi. Nilimwita hivyo barabarani, mbele ya waendesha bodaboda na wanunuzi wa zabibu, kwa sauti ya paredi. Yeye akarekebisha miwani, akasema, "Biashara haigombi, mama," akavuka na pampu yake.

Duka la pili lilikuwa nyuma huko, giza, muuzaji anachezea simu. Alisogeza matairi, akatoa boksi lenye vumbi. Nikapitisha kidole. Herufi zimeinuka! Rangi ileile, mshono wa chuma mahali palepale. Nikauliza bei nikijitia sina haja sana. Milioni moja na laki nane. Sikuamini masikio yangu. Tukaipeleka kwa mama wa zabibu, ambaye sasa alikuwa na watazamaji, na mshale ukaenda ukasimama kwenye kumi na mbili na nusu. Watu wakapiga makofi.

Niseme kweli yangu. Nilifikiri yule kijana wa watu hajui alicho nacho. Nilidhani ameletewa orijino kwenye mzigo wa kopi na hana macho ya kuiona, na mimi ninayo. Badala ya kumwambia, nikamshusha bei mpaka milioni moja na laki sita. Nilirudi na bajaji nikiimba. Mjini akili, nilijisemea, na akili ninazo.

Fundi aliipokea kwa mikono miwili. Akaigeuza. Akapitisha kidole gumba juu ya herufi, taratibu, mara mbili. Akainua macho.

"Umeilinganisha na sampo, Mwalimu?"

"Herufi kwa herufi."

"Na umepima?"

"Kwenye mzani. Watu walishuhudia."

"Ndiyo, Mwalimu," akasema, akachukua spana.

Mtu aliyesimama mbele ya watoto themanini miaka thelathini anaijua "ndiyo, Mwalimu". Unauliza mmeelewa, darasa zima linaitikia kwa sauti moja, na wewe unaona kabisa nyuso hazijaelewa. Niliijua ile sauti. Niliisikia ikitoka kinywani mwa mtu mzima mwenye mvi, na nikaipita, kwa sababu nilikuwa nimepata na nilitaka kuwa nimepata.

Kijiko kiliamka. Oktoba yote kilifanya kazi vizuri, tuta likapanda, na mimi nikawa nasimulia hadithi ya mzani kila nilipokaa na watu. Mzee aliposikia nilivyonunua, alisema, "Hapana, Mwalimu. Ng'ombe mzuri humpati kwa bei ya mbuzi." Nikamjibu kwamba pampu si ng'ombe. Akasema hapana, ni ng'ombe. Tukabishana mpaka opereta akawasha mashine kusudi tusisikizane. Lilibaki pengo moja tu kwenye tuta, pale kijito cha mvua kinapopita, hatua kama ishirini. Tulikuwa tumeliacha kwa mwisho ili mashine ipite.

Katikati ya Novemba, pampu ikafa. Safari hii haikufa kwa kutetemeka. Ilipiga kelele ya chuma kula chuma, opereta akazima haraka, lakini wapi. Fundi alipoyafungua mabomba akanionyesha mafuta kwenye kiganja chake. Yalikuwa yanametameta.

"Ni vumbi la chuma, Mwalimu. Limesambaa kote. Hata tukileta pampu nyingine leo, lazima tusafishe kila bomba na kila vali, la sivyo na hiyo itakufa. Wiki mbili."

"Orijino inakufa hivi?" nikauliza. Nilikuwa bado nauliza hivyo, fikiria!

Alichukua ile pampu, akaichukua na sampo ya zamani iliyokuwa imekaa kwenye beseni, akazifungua zote mbili chini pale kwenye gunia. Kwenye sampo akakwangua kwa bisibisi. Tope la mafuta yaliyoganda, jeusi, zito, likadondoka fungu kwa fungu. Alijaza nusu ya kopo la rangi. Kisha akanionyesha meno ya ndani ya zote mbili.

"Hizi ni ndugu," akasema. "Hata hii ya zamani si ya kiwandani. Nadhani aliyekuuzia aliibadilisha kabla hujaja. Umechukua kopi, Mwalimu, ukaenda kuitafutia pacha wake."

"Na uzito?"

Akatazama kopo la tope, kisha akagonga ganda la ile ya pili, chuma kinene kuliko cha sampo. Sikuhitaji kuambiwa zaidi, hesabu hiyo ni ya darasa la pili.

Nikakaa kwenye tairi. Kisha hasira ikaja, na kwa kuwa hapakuwa na mwingine nikammwagia yeye. Nikamwambia alijua. Aliishika, akaipapasa, akajua, na akaifunga kwenye mashine yangu! Kwa nini hakusema?

Alikuwa ameshika kofia mkononi. "Mwalimu," akasema, "mimi nilishabisha mara moja."

Nilikumbuka siku ile Kondoa, mtoto mwembamba amesimama, anasema jibu la kitabu lina kosa. Nilimchapa viboko vinne kwa kubishana na kitabu. Jioni nyumbani nilikokotoa upya nikaona ni kweli, kitabu kilikuwa kimekosea. Niliandika jibu sahihi kwa penseli pembeni, na kesho yake sikumwambia, wala wiki iliyofuata, wala alipomaliza shule. Nilifikiri amesahau.

Asubuhi yake nilirudi duka la kwanza. Mtaka cha uvunguni sharti ainame, nami niliinama, nikamwomba radhi yule bwana wa miwani mbele ya wateja wake kama nilivyomtukana mbele yao. Akasema yamekwisha. Nikamwambia sasa nimejua kwamba yake ndiyo orijino na zangu zote mbili zilikuwa kopi. Nilitegemea afurahi. Akakuna kidevu.

"Mama, mimi napokea boksi lililofungwa. Siwezi kukuapia. Wanasema kiwanda kilibadilisha maandishi, na zamani yalikuwa ya kuinuka. Kwa hiyo hata hiyo sampo yako huenda ilikuwa ya kweli."

"Fundi ameifungua ndani. Amesema kopi."

"Huenda na yeye amesema kweli."

"Sasa ipi ni ipi?" Nilipiga kaunta. "Niambie moja!"

"Mama, hii naiuza milioni tano na nusu kwa sababu na mimi nimeuziwa ghali. Zaidi ya hapo najua unavyojua wewe."

Nilisimama pale sijui nicheke au nilie. Kama sampo ilikuwa kopi, mbona ilichimba miaka mitatu? Kama kopi huchimba miaka mitatu, mbona pacha wake amechimba mwezi mmoja na nusu? Na kama ya ghali ni ghali tu kwa sababu muuzaji naye aliuziwa ghali, mimi nalipia nini? Rahisi ni ghali, wanasema wahenga, lakini hawakusema ghali ni nini. Nilinunua. Nilikopa kwa dada yangu na nikanunua, bila mzani, bila beseni, nimefumba macho kama anayemeza dawa.

Mvua ilinyesha fundi akiwa bado anasafisha mabomba. Haikuchelewa wala haikuwahi, ilikuja siku zake. Opereta alinipigia simu kutoka kijijini. Alisema maji yameshuka kijitoni mengi, yamefika kwenye tuta, yametafuta pengo letu la hatua ishirini, yamelipata. Yamepita na kipande cha tuta pembeni. Alikuwa anaongea polepole na nyuma yake nilisikia watu.

"Mzee yupo?" nikauliza.

"Yupo. Amesimama anatazama."

"Anasemaje?"

"Hasemi kitu, Mwalimu."

Udongo wa pale ukilowa haubebi mashine, kwa hiyo tulisubiri mpaka masika yaishe. Mwezi Juni tukaingia na ile pampu ya milioni tano na nusu, tukajenga kilichobomoka, tukaziba pengo. Tuta lilitoka zuri, limenyooka. Lakini hakukuwa na tone la kulijaza, mbingu ilikuwa kavu kabisa. Nilikataa kuchukua malipo ya mwisho, kamati ikanilazimisha, nikachukua nikaona haya. Agosti, mnunuzi wa mnadani alikuja kwa mara ya tatu. Opereta aliomba ruhusa ya siku mbili akasaidie kuwasindikiza ng'ombe wa baba yake mpaka kwenye gari. Aliporudi kazini alipanda kwenye kiti chake akawasha, nikamwambia pole. Akasema ahsante. Siku hiyo alichimba mtaro mzima bila kushuka hata kunywa maji.

Fundi naye nilimwambia. Nilimwita nyumbani, nikamkaribisha chai, nikamwambia ile hesabu ya darasa la tano ulipata wewe na kitabu kilikosa. Aliweka kikombe chini. "Nilijua, Mwalimu," akasema, na tukazungumzia filta.

Mwaka huu mvua zimekuwa njema. Nilikwenda kijijini kuliona lambo, kwa kuwa nilikuwa bado sijaliona na maji. Limejaa mpaka kwenye nyasi. Ng'ombe wa watu wengine walikuwa wanakunywa, wanaingia mpaka magotini, na wachungaji wanapigiana miluzi. Mzee alikuwa amesimama ukingoni na fimbo yake. Opereta alishaniambia kwamba huja kila siku saa ya kunywesha, akasimama, kisha akarudi nyumbani.

Tulisalimiana. Nikasimama naye. Nilikuwa nimepanga maneno mengi njiani, yote yakanipotea, na kilichonitoka kilikuwa upuuzi.

"Mzee, pampu iliyomaliza kazi hii ni orijino kabisa. Safari hii sikukosea."

Sijui kama ni orijino. Mpaka leo sijui, na yeye alijua kwamba sijui. Nilisema ili abishe. Nilisubiri aniambie hapana, Mwalimu, pampu huijui, maji huyajui, na kuhesabu hujui. Ningempa nini yule mzee anibishie mara moja tu!

Aliyatazama maji kidogo. Akanigeukia.

"Ndiyo, Mwalimu," akasema.